Firigisi Niliyokula Wiki ya Tatu

Nafula mama,

Nimekaa hapa karakana, Kariobangi, Jumamosi saa nane mchana, na karatasi nimeilaza juu ya kifuniko cha sanduku ambalo bado halijapakwa rangi. Wewe uko saluni unasukwa, mama yako yuko kanisani kwenye mkutano wa akina mama, na kesho asubuhi unapanda basi la kwenda Marsabit. Jirani yangu anagonga karai, kwa hivyo ukiona mwandiko unaruka ujue ni yeye. Nimechoka, ingawa si uchovu wa kazi. Kazi yenyewe siku hizi naifanya kidogo tu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za kupiga simu ukifika. Hizo mama yako ameshazisema mara nne na bado hajamaliza. Mimi nina mambo mawili, na yote mawili nimeyakalia. La kwanza ni kwamba Jumatano nafanyiwa upasuaji tena. Ile kliniki niliyokwambia ni ya kawaida si ya kawaida. La pili ni baya zaidi, na ndilo lililonifanya niombe kalamu kwa fundi mwenzangu. Kile kilichonirudisha hospitali mwaka juzi hakikuwa kosa lako. Nililijua hilo siku ileile.

Usirukie mwisho. Najua unavyosoma barua. Soma polepole, kwa sababu nimeogopa kukuandikia haya na sababu unaijua: usiporipoti shuleni kufikia keshokutwa, nafasi hiyo wanampa mwalimu mwingine, nawe umeingoja miaka minne. Wiki hii yote umekuwa ukizunguka jikoni ukiuliza, "Lakini Baba, nani atakupikia?" Naogopa ukisikia habari ya Jumatano utashusha mizigo. Na usiposikia hilo la pili, utaondoka na mzigo ambao si wako. Nimeyapima haya mawili mwezi mzima, na bado sijui ni lipi linaniuma zaidi.

Wacha nianze mbali kidogo.

Ulikuwa darasa la tatu ugonjwa huu uliponianza. Unajua kazi yangu, kutwa nimeinama. Nikitoka kula maharagwe na chapati pale kibandani, narudi kukunja bati, na nikiinama tu chakula kinapanda kooni kikali kama siki. Kifua kinawaka. Mwanzoni nilidhani ni yale maharagwe. Nikabadilisha kibanda, maskini yule mama akaninunia mpaka leo, na kiungulia kikabaki palepale. Hapa Kariobangi kila mtu ana vidonda vya tumbo, na kila mtu ni daktari wa vidonda vya tumbo. Mmoja aliniambia ninywe maziwa baridi. Mwingine akanisagia kabichi mbichi, nikanywa maji yake siku tatu, nikapata kichefuchefu juu ya kiungulia. Mwisho nikajiwekea dawa yangu mwenyewe: magadi.

Sisi watu wa magharibi magadi tumezaliwa nayo. Inalainisha mboga, na ukilamba kidogo moto wa kifuani unapoa. Nilikuwa naibeba mfukoni mwa shati, nimeifunga kwenye kipande cha gazeti. Siku moja uliniuliza mbona mfuko wangu ni mweupe, nikakwambia ni chaki ya kupimia bati. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwako katika habari hii, nami niliuona mdogo. Nilipoanza kulala nimeketi kwenye kiti cha sebuleni, nimeegemea mito, nilisema napenda kusikiliza redio. Ninyi mkaamini. Mama yako hakuamini, lakini kila akiuliza nilimwambia aache maneno mengi.

Nataka nikwambie ukweli wa miaka ile. Sikuwa navumilia. Watu wanasema fulani ni mvumilivu, nami nilipenda kusemwa hivyo, lakini mimi nilikuwa naficha, na nilijisifu moyoni kwa kuficha vizuri. Nilikaa mezani nanyi koo linawaka na usoni hamwoni kitu. Nilidhani baba ni hivyo. Sasa naona kwamba ule ustadi wa kuficha maumivu ndio ulionifundisha kuficha mengine.

Wewe ndiye uliyenikamata. Ulikuwa umeshamaliza chuo na uko nyumbani unangoja kazi, ukanisikia nakohoa asubuhi na sauti imekwaruza, ukasema, "Baba, hii si homa. Tunaenda hospitali, na usiniletee story za magadi." Sikujua kama ulishaijua ile magadi. Nilikufuata kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.

Wakanipitishia mrija wenye kamera kooni, wakatazama. Vidonda hakuna. Daktari wa upasuaji, yule mama mfupi mwenye miwani, alituchorea kwenye karatasi. Mahali mrija wa chakula unapoingia tumboni pana mlango, na wangu ulikuwa umelegea, tena kipande cha tumbo kilikuwa kimepanda kifuani. Miaka yote ile asidi ilikuwa inapanda bila kuzuiwa na kitu. Akasema atalishusha tumbo, achukue sehemu yake ya juu aizungushe mwisho wa mrija huo wa chakula kama kola ya shati, ashone. Wala hatanipasua tumbo lote. Matundu madogo matano, basi.

Unakumbuka nilivyombishia. Nilimwambia mimi ni fundi, na sijaona mtu akikunja kitu ndani ya boksi bila kuingiza mkono. Akacheka, akasema, "Mzee, wewe unakunja kwa nyundo. Mimi nakunja kwa vijiti virefu nikiangalia kwa runinga." Nikampenda hapohapo. Mtu anayeijua kazi yake unamtambua kwa jinsi anavyoieleza.

Na kweli alikunja. Nilipoamka bega lilikuwa linauma kuliko tumbo, wakaniambia ni ile hewa waliyonijaza ili wapate nafasi ya kufanyia kazi. Ikaisha. Siku ya nne niko nyumbani, nikalala chali kitandani, kando ya mama yako, bila mto wa pili. Hukuniona, lakini nililia. Miaka zaidi ya kumi nilikuwa sijalala hivyo. Niliona kama nimerudishiwa mwili wangu.

Masharti uliyaandika wewe kwenye karatasi, ukayabandika ukutani jikoni. Wiki sita vyakula laini tu. Kidogokidogo, mara nyingi. Hakuna nyama, hakuna mkate, hakuna ugali mgumu. Asinyanyue kitu kizito. Na zaidi ya yote asitapike, kwa sababu kujikamua kutapika kunaweza kufumua ile kola. Mama yako alilazimika kwenda Bungoma kumuuguza nyanya yako, kwa hivyo nyumba ikabaki mikononi mwako. Ulinipikia uji, malenge ya kuponda, supu ya kuku iliyosagwa mpaka haijulikani ni kuku. Nilinung'unika kila siku. Nilikwambia unanilisha kama kitoto. Sikuwahi kukushukuru, kwa hivyo nakushukuru sasa.

Wiki ya tatu akaja baba yako mkubwa Wekesa kunijulia hali, amebeba jogoo.

Lazima nikueleze kuhusu huyu ndugu yangu, kwa sababu wewe unamjua kama mzee mcheshi tu. Sisi tulikuwa wavulana watano, mimi wa mwisho. Kuku akichinjwa nyumbani, firigisi ilikuwa ya baba yetu. Imondo, ndivyo tulivyoiita kwetu, ni ya baba, hakuna wa kuigusa. Angeila polepole, mwisho kabisa, na sisi tumekaa chini tunamtazama. Mara moja moja alikata kipande akampa Wekesa, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mimi sikuwahi kupewa. Nilikuwa nalala nikiwaza kwamba siku moja nitakuwa na nyumba yangu, na firigisi italetwa mbele yangu, na hakuna atakayeuliza. Unaweza kucheka. Watu wengine huota magari. Mimi nilipofunga ndoa na mama yako akaniwekea ile firigisi ya kwanza kwenye kisahani, pale kwenye chumba chetu kimoja, nilihisi nimefika.

Basi jogoo wa Wekesa ukampika. Ukamtengea yeye nyama na ugali, mimi ukaniwekea bakuli la supu iliyosagwa. Firigisi ukaileta kwenye kisahani, ukasimama katikati yetu ukiuliza kwa adabu, "Hii nimwekee Baba Mkubwa?"

Nikasema, "Weka hapa."

"Baba, daktari alisema wiki sita. Hii ni ya tatu."

"Nafula, weka hapa mezani."

Ukaiweka, na uso wako ukaonyesha kabisa ulichofikiria. Wekesa hakunilazimisha, na hilo nataka ulijue, maana hata mimi nimejaribu kumsukumia lawama nikashindwa. Alichofanya ni kunitania tu. Alisema, "Kama daktari amekukataza, nipe mimi. Itabidi niwe mwenye nyumba kidogo." Akacheka, na kisahani akakivuta kwake kidogo kwa kidole kimoja.

Kile kidole ndicho kilichonimaliza. Mzee mzima, nina tumbo lililoshonwa juzi, na nikawa tena yule mtoto wa mwisho aliyekaa chini. Nikakutuma dukani ukanunue soda, ingawa soda ilikuwepo na mimi mwenyewe nilikuwa nimekatazwa soda. Ulipotoka tu nikaichukua ile firigisi. Niliitafuna kidogo, kwa haraka, kwa sababu nilikuwa nasikiliza mlango. Wekesa akaniangalia, akaacha kucheka. Nikameza.

Uliporudi kisahani kilikuwa kitupu. Ukamtazama baba yako mkubwa ukatabasamu, ukidhani ni yeye. Nikasema, "Mzee ameifurahia." Naye akanyamaza. Ndugu yangu akanifichia, kama ndugu wanavyofichiana, na nadhani hajawahi kujua alinifichia kitu gani.

Ilikwama. Nilijua imekwama kabla hujafungua ile soda. Mate yenyewe yalikataa kushuka. Nikaenda chooni nikajifungia, nikajikamua nitapike, nikijua kabisa kwamba hilo ndilo nililokatazwa. Hakuna kilichotoka. Nikajikamua tena, na tena, na nikahisi kitu chini ya kifua kinavutika. Nikatoka nikaketi nanyi mpaka Wekesa akaaga, nikitemea mate kwenye leso. Wewe ukaiona ile leso, ukapiga simu kutafuta gari.

Hospitalini wakaitoa kwa mrija. Daktari wa zamu, kijana ambaye hakutujua, alitoka na kipande chake kwenye kikopo, akakuuliza pale kando ya kitanda changu, "Nani anampikia huyu mgonjwa?"

Ukasema, "Ni mimi."

"Uliambiwa usage nyama. Hii ni nini?"

Ulikiangalia kile kikopo. Kipande chenyewe kilikuwa kimetafunwa na kulowa, hakikujulikana ni cha wapi. Ukasema, "Nilisaga, daktari. Labda kuna kimoja kilinipita. Pole sana." Akakusema maneno mengi, kwamba ungeweza kumuua baba yako. Ukaanza kulia ukiwa umesimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

Mimi nilikuwa nimelala pale macho wazi. Koo lilikuwa limechubuka na sauti haikuwepo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia baadaye, kwamba sikuwa na sauti. Lakini kichwa nilikuwa nacho, Nafula. Ningeweza kukitikisa. Sikukitikisa, na kesho yake sauti iliporudi sikusema, na wiki iliyofuata nikaona mambo yameshapoa, kwa nini niyachokonoe.

Kwako hayakupoa. Ulinunua chujio jipya, ukaanza kuchuja kila kitu, hata uji, hata baada ya wiki sita kupita na daktari kuniruhusu kula kama watu wengine. Mpaka leo nikila unanitazama kooni. Nikikohoa unaacha kijiko. Na mwaka jana ulituambia kwamba kwa ile nafasi ya kufundisha kule Kitui hukuchaguliwa. Nilikutana na yule mwalimu rafiki yako hapa sokoni, akanishangaa, akasema, "Mzee, si alikataa mwenyewe? Alisema baba yake ni mgonjwa, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kumponza kwa chakula." Nilirudi karakana nikakaa. Siku hiyo sikugonga bati hata moja.

Na bado sikusema. Nakwambia hili ili usije ukanionea huruma haraka. Nilikuwa na nafasi hapo, nikaipoteza.

Halafu kiungulia kikarudi. Kilianza polepole mwanzoni mwa mwaka huu, na mimi nikafanya nini? Nikanunua magadi. Mzee haoni haya. Mwezi uliopita nikashindwa, nikaenda peke yangu kwa yule mama mwenye miwani. Alinitazama kwa kamera, akasema kola imefumuka na tumbo limeanza kupanda tena. Akaniuliza kama baada ya upasuaji niliwahi kutapika kwa nguvu. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia habari ya firigisi. Hakunigombeza. Alivua miwani akaisafisha, kisha akasema hawezi kujua kwa hakika kama ni siku ile, lakini inawezekana sana. Akasema kuna dawa za kutuliza kwa muda, ila kwa hali aliyoiona angependa kurudia. Atapitia matundu yaleyale. Kurudia ni kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu ndani pameshikana, na akishindwa atafungua tumbo. Aliniambia wazi, nami nakwambia wazi. Naogopa, lakini si sana.

Mama yako nilimwambia usiku huohuo, yote. Nilitegemea anilaumu. Alikaa kitandani, akasema, "Baba Nafula, hii mimi sikusaidii kubeba. Mwambie mtoto mwenyewe, na umwambie kabla hajaenda." Tangu siku hiyo ananiongelesha habari za chumvi na sabuni tu. Yuko sahihi. Jumatano yeye ndiye atakayekuwa nami, na wiki sita zile atapika yeye, na ameshasema Wekesa akija na jogoo atapewa uji.

Sijui nikushauri nini, mama. Wewe ni mwalimu na mimi ni fundi wa masanduku. Ninachokijua ni kidogo na nimekipata kwa kuchelewa. Aibu niliyoikimbia siku ile ingekuwa ya dakika mbili. Wekesa angekula firigisi, angenitania mpaka Krismasi, yangeisha. Badala yake nilikutwika wewe yangu kwa miaka miwili, na mwenzangu ulikuwa unaibeba huku unanichujia uji. Huko unakokwenda mtu atakuambia umekosea. Wakati mwingine itakuwa kweli. Lakini uulize kwanza. Wewe una tabia ya kusema pole kabla hujaona kilichomo kwenye kikopo, na sehemu ya tabia hiyo nimekupa mimi.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Ungeiona ukifika, labda baada ya siku mbili, ukiwa umesharipoti na Jumatano imekaribia mno kwako kurudi. Nilijisifu kwa mpango huo, mpaka nilipoufikiria vizuri hapa nilipokaa. Ni kukutuma dukani mara ya pili.

Kwa hivyo nafunga karakana sasa hivi. Nakuja kukungoja hapo nje ya saluni. Nitakupa barua mkononi, na nitakaa kando yako mpaka uimalize. Ukikasirika, kasirika nikiwepo. Ukitaka kunyamaza mpaka Marsabit, nitanyamaza nawe. Ningependa uende. Nalisema bila kuficha, ningependa kesho upande lile basi, na Jumatano ukiwa darasani usiniwaze kabla ya saa ya mapumziko. Ukiamua kubaki sitakuzuia pia. Lakini kama utabaki, ubaki kwa kuwa unanipenda. Ile sababu nyingine haikuwepo. Wewe ulisaga ile nyama vizuri, Nafula. Ulisaga yote.

Baba yako.